Hatujazi Chupa

Ilipofika saa nne asubuhi ya Jumapili ile, Ivonete alikuwa ameshasema "hapana" mara nyingi mno hata neno lenyewe likamchosha mdomo.

Ilikuwa Siku ya Baba. Katika mji ule uliozungukwa na miwa, siku hiyo haina mambo mengi. Mwanamume huoga mapema, huvaa shati alilozawadiwa mwaka jana, hununua nyama, hununua makaa, halafu huja kituo cha mafuta na chupa tupu ya soda. Chupa ni ya alkoholi, ile ile ya miwa inayoendesha magari, safi kama maji ya kunywa. Kwa watu wa pale hakuna kinachowasha jiko la nyama choma upesi kama hicho. Humimina, hutupa kiberiti, puu, moto umewaka. Baba zao walifanya hivyo, na wao wanafanya hivyo hivyo, na ukiwaambia ni hatari wanakutazama kama umewatukania mama.

"Dada, nusu lita tu," alisema kijana mmoja mwenye kofia ya timu, akimnyooshea chupa.

"Hatujazi chupa."

"Hata nusu?"

"Hata kijiko. Chupa hiyo ni ya soda, ikipata moto inayeyuka mkononi mwako. Lete dumu la mafuta lenye muhuri, nitakujazia."

"Dumu ninalo kwenye gari. La baba mkwe."

"Lishushe uliweke chini."

"Si ujazie huko huko juu ya gari?"

"Chini, kaka. Huko juu umetandika plastiki, cheche inaruka yenyewe wala huioni. Na silijazi mpaka shingoni, mafuta yanataka pa kupumulia."

Kijana alilishusha dumu. Lilikuwa na ufa ubavuni na mfuniko wake ulikuwa kitambaa kilichosokotwa. Ivonete alilitazama, akamtazama mwenye dumu.

"Basi nyama tule mbichi?" aliuliza kijana.

"Wenzako wanaipenda hivyo."

Jucélia, mwenzake wa zamu, alicheka huku akifuta kioo cha gari la mteja. "Shoga, leo maneno yako shubiri tupu."

"Sina maneno mimi. Nina miguu, na miguu inawaka."

Miguu ilikuwa na haki ya kuwaka. Gari lake la zamani halijui mafuta mengine ila alkoholi, na asubuhi ya baridi gari la namna hiyo haliamki mpaka lionjeshwe petroli kidogo kutoka kwenye kitangi chake cha pembeni. Kitangi kilikuwa kikavu. Tangi kubwa alilijaza pomoni jana yake jioni, lakini kile kikombe kimoja cha petroli alikisahau, yeye ambaye anashinda katikati ya petroli kutwa kucha. Mganga hajigangi. Akaliacha gari uani kwa baba yake, wanakokaa wote, akaja kwa miguu kandokando ya barabara kuu, mikono kwapani.

Alipofika hakupumzika. Kabla ya kufungua pampu hupima matangi yaliyo chini ya ardhi kwa fimbo ndefu iliyopakwa dawa inayobadilika rangi ikigusa maji. Alkoholi hupenda maji kama mlevi apendavyo kilabu, na maji yakiwa mengi ndani ya petroli iliyochanganywa na alkoholi hiyo, viwili hivyo hushikana vikashuka pamoja mpaka chini, na gari la mteja likakohoa hadi kufa. Fimbo ilitoka safi. Lilikuwa jambo la pekee la siku ile lililokwenda sawa, na yeye hakulijua hilo wakati huo.

Usidhani alikuwa mkali kwa kupenda. Alikuwa amechoka, basi. Miaka yote aliyokaa kwenye pampu alikuwa akiwaambia watu jambo moja, na kila Jumapili walikuja upya kana kwamba wamezaliwa jana. Ng'ambo ya barabara alikuwapo Marlúcia, muuza mikate, mwanamke mwenye shavu moja tu linalocheka. Shavu la pili lilibaki kwenye nyama choma ya ubatizo wa mpwa wake. Watu walinunua mikate kwa Marlúcia, wakamsabahi, wakavuka barabara na chupa zao za soda mkononi. Hilo ndilo lililomchosha Ivonete kuliko kusimama.

Saa tano hivi liliingia gari la mzee Arlindo, jirani yao. Mlango wa pili ulifunguka, akashuka baba yake.

Mzee Deoclécio alikuwa amevaa shati la njano lililopigwa pasi. Alikata miwa tangu hajaota ndevu hadi mashine zilipokuja kuchukua mapanga mikononi mwa watu, na mpaka leo alitembea ameinama kidogo, kama anayetafuta shina linalofuata. Mwaka ule macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Daktari alikwisha sema yasafishwe. Mzee alijibu kwamba macho yake ni safi, ila taa za siku hizi ndizo hafifu.

"Nibariki, baba," alisema Ivonete, kama alivyosema kila walipokutana na kila walipoachana tangu utotoni.

"Mungu akubariki, mwanangu." Na mkono ule ule wa baraka ukamnyooshea chupa ya soda ya guaraná, tupu, imeoshwa vizuri.

Ivonete alihisi uchovu wote wa asubuhi ukimshukia mabegani. "Baba, hata wewe?"

"Hata mimi nini? Makaa yamepata unyevu. Nijazie, Arlindo ananingoja."

"Nakuja saa nane na mikate mikavu ya Marlúcia. Unaulowesha mkate kwa mafuta ya kupikia, unauweka katikati ya makaa, unawasha. Moto unashika taratibu, haurukii mtu."

Mzee aligeuka kwa Arlindo, akahakikisha na wenye magari mengine wanasikia. "Mnasikia? Binti yangu ananiambia niwashe moto kwa mkate. Kesho ataniambia nichinje kuku kwa ua waridi."

Watu walicheka. Walionyimwa chupa asubuhi ile walicheka zaidi.

"Mpe, mama," alisema mmoja. "Ni siku yake."

"Ivonete," baba yake alisema, na sasa hakuwa anatania, "kila tone lililomo kwenye matangi yako limepita kwenye mgongo huu. Miwa yote hiyo. Mapafu yangu yana majivu ya kuchoma mashamba yake mpaka leo. Sijakuomba zawadi, sijakuomba shati. Nakuomba chupa moja ya jasho langu mwenyewe, na unaninyima mbele ya watu?"

Ivonete alimwona mzee na chupa yake, lakini nyuma yake aliona kitu kingine ambacho waliocheka hawakukiona: kiti kidogo cha plastiki, cha waridi, kando ya jiko la uani. Kilikuwa cha Heloísa, mjukuu wake mwenyewe Ivonete, mtoto wa binti yake Rosimeire. Mtoto yule alimfuata mzee kama mkia. Mzee akichoma nyama, Heloísa huketi kwenye kiti chake hatua mbili kutoka motoni, akipokea vipande vya soseji kama malkia.

"Sikunyimi, baba. Naogopa."

"Unaogopa nini? Nimewasha moto kabla wewe hujazaliwa."

"Wakati huo ulikuwa unaona."

Mdomo huponza kichwa. Kicheko kilikatika. Arlindo akaangalia usukani wake, na Jucélia akakumbuka ghafla kwamba kuna kioo hajakifuta. Mzee Deoclécio alisimama na chupa yake, akaizungusha mkononi, akaikumbatia kwapani.

"Haya," alisema. "Kipofu anakwenda zake."

"Baba, nibariki."

Mzee aliingia ndani ya gari, akafunga mlango. Hakujibu. Katika maisha yao yote, hata siku Ivonete alipoolewa na mwanamume ambaye baba yake hakumtaka, mzee hakuwahi kuondoka bila kujibu. Ivonete alibaki ameshika mkono wa pampu, na machozi yakamjia hapo hapo, mbele ya foleni.

"Alkoholi au petroli?" alimuuliza mteja aliyefuata, akipangusa pua kwa mkono wa shati.

Lakini hakukaa kulia tu. Alimpigia simu mhudumu wa kituo cha kule njia panda. "Akija mzee wa shati la njano na chupa ya guaraná, tafadhali, usimuuzie." Yule akamjibu kwamba hata wao hawajazi chupa, kwani yeye anawaonaje? Akampigia Arlindo. Arlindo alisema amemrudisha mzee nyumbani moja kwa moja, na chupa ni tupu. Akampigia Rosimeire. "Babu asiwashe moto mpaka nifike. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama. Mbona unahema?"

"Nimechoka tu."

Milango yote ilifungwa. Aliihesabu kichwani, mmoja mmoja, na roho ikatulia kidogo. Saa zilizobaki alizifanya kama mtu anayebeba maji kwa ndoo inayovuja. Walikuja wenye chupa, akawarudisha. Alikuja mwanamke aliyefikiri atamhurumia kwa sababu naye ni mwanamke, akamrudisha. Mmoja alimwita jiwe. Naye akamrudisha.

"Unajua tatizo lako?" Jucélia alimwambia wakati wa chai. "Unafikiri ukikataa wewe, moto unakataa pia."

"Sasa nifanyeje? Nijaze?"

"Sijasema ujaze. Nasema usijiue."

Saa nane alivua koti la kazi, akavuka barabara. Marlúcia alimpa mfuko wa mikate ya juzi, migumu kama mawe ya kusugulia miguu, na hakutaka malipo. "Ni ya moto?" aliuliza, na upande mmoja wa uso wake ukatabasamu. "Basi chukua na hii mingine."

Njiani jua lilikuwa limeshakuwa kali, baridi ya asubuhi imesahaulika. Kila ua ulinuka mafuta ya nyama. Alipokaribia kwao aliuona moshi, moshi wa jiko lao wenyewe, na miguu iliyokuwa haitaki kutembea ikaanza kukimbia. Alisukuma lango kwa bega.

Hakukuwa na lolote. Makaa yalikuwa mekundu kabisa, nyama inatoa jasho juu ya wavu, redio inaimba jikoni, na Rosimeire alikuwa anachanganya farofa, unga wa muhogo wa kukaanga, mlangoni. Mzee Deoclécio alisimama mbele ya jiko, uma mkononi, mgongo kwa watu. Ivonete aliegemea ukuta, akajiona mjinga.

"Nilikwambia asiwashe," alimwambia Rosimeire.

"Nilimwambia, akaitikia. Nimeingia kukaanga vitunguu, kutoka nakuta moto tayari. Ungemfunga kamba wewe?"

Heloísa alikuja mbio, akamkumbatia miguu. "Bibi, kiti changu hakipo! Babu anasema amekipeleka kwa fundi."

"Fundi gani Jumapili?"

"Fundi wa viti," alisema mzee bila kugeuka. Alikuwa amevaa sweta la sufi lenye mikono mirefu, mbele ya moto, mchana kweupe. Alikata kipande cha kwanza cha nyama. Siku ile kipande cha kwanza ni cha baba, kila mtu anajua, lakini alikichoma kwa uma akamnyooshea binti yake, uso umegeukia pembeni. "Kula. Umesimama tangu alfajiri."

Ivonete alikipokea. Na chini ya harufu ya mafuta na chumvi akaipata harufu nyingine, ya nywele zilizoungua. Alimtazama usoni. Nyusi moja haikuwapo.

Alizunguka nyuma ya nyumba, mahali lilipokuwa gari lake. Kifuniko cha tangi kilikuwa kinaning'inia. Kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, kilichokatwa kwa kisu, kilikuwa kimelala chini, na ardhi pale ilikuwa bado na unyevu. Na katikati ya gari na ukuta, kimefunikwa gunia, kilikuwapo kiti cha waridi. Alilifunua gunia. Pa kukalia pameyeyuka pakawa shimo jeusi, na ndani ya shimo ilikuwa imeganda chupa ya guaraná, imejikunja, imekuwa kitu kimoja na kiti.

Kituoni kwake hakutoa hata kijiko. Alifunga kila mlango wa mji ule, na huu mmoja, tangi la gari lake, aliujaza mwenyewe jana jioni, pomoni, akauacha uani.

Aliporudi, alimshika baba yake kifundo cha mkono wa kulia, na mzee akashtuka kwa maumivu. "Njoo," alimwambia. Mzee alimfuata mpaka kwenye karo la kufulia. Ivonete alifungua bomba, akalikunja sweta taratibu mpaka kwenye kiwiko. Mkono ulikuwa mwekundu, unang'aa, hauna unywele hata mmoja, na malengelenge yalikwisha kuanza. Akauweka chini ya maji.

"Umeipata kwenye gari langu," alisema.

"Wewe ulikataza kituoni." Alijaribu kutabasamu. Pumzi yake ilinuka alkoholi. Ni lazima alimeza kiasi wakati wa kuinyonya kwa mpira. "Nilitaka ukifika ukute nyama iko tayari. Nilikuona ulivyochoka, macho yangu hayajafa kiasi hicho."

"Ilikuwaje, baba?"

Maji yaliendelea kumwagika. Jikoni redio ilibadilisha wimbo.

"Nilimwagia mara ya kwanza, yakashika, nikaona vizuri. Halafu nikaona makaa meusi. Nikasema moto umezimika. Nikaongeza. Haukuwa umezimika. Ule moto wa alkoholi juani hauna rangi, Ivonete. Sikuuona. Nilisikia tu mkono unachemka, nikaona chupa inalegea kwenye vidole, nikaitupa."

"Ukaitupa upande gani?"

Mzee aliugeuzia uso wake ukutani ili asionekane.

"Mtoto alikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimemtuma chumvi jikoni. Alikuwa ameketi hapo hapo, kwenye kiti chake, ananiimbia. Nikapapasa mezani, sikuiona chumvi. Nikamwambia, nenda kwa mama yako ukaniletee chumvi. Akaenda. Alivyopita mlango tu..." Akainamisha kichwa. "Nilipomaliza kuzima kwa gunia lililoloweshwa maji ndipo mkono wangu ulipoigusa. Chumvi ilikuwa mezani, mwanangu. Ilikuwa mbele yangu muda wote."

Ivonete alikuwa na mengi ya kumwambia, aliyapanga njia nzima kuanzia lile gunia hadi kwenye bomba, maneno makali ya haki. Yote yalikwenda na maji. Kama mzee angeiona chumvi ile, leo wangekuwa njiani kuelekea mji mkubwa na mtoto amefungwa shuka. Ni macho yale yale aliyoyatukana mbele ya foleni. Alikilaza kichwa chake kwenye bega la baba yake, kwenye sufi iliyonuka moshi, akalia kwa sauti ya chini, na mzee naye alikuwa analia, wala hawakutazamana.

"Bibi!" Heloísa aliita kutoka kwenye jiko. "Nyama inaungua!"

"Igeuze, Rosimeire," Ivonete alisema kwa sauti kubwa. "Mtoto asisogee hapo."

"Kesho nipeleke kwa huyo daktari wako wa macho," mzee alisema. "Lakini usiwaambie watu kwa nini."

"Sitawaambia."

"Arlindo hasa."

"Hasa Arlindo. Usiutoe mkono, uache majini."

Mzee aliuacha. Mfuko wa mikate ulikuwa umelala kwenye ukingo wa karo, mahali Ivonete alipoutupa. Mzee aliupapasa kwa mkono wake mzima, akautambua, akatoa mkate mmoja, akaugonga ukutani kujaribu ugumu wake.

"Mafuta ya kupikia, siyo?" aliuliza. "Unaulowesha wote au upande mmoja?"

"Wote."

Akautazama mkate kwa karibu kabisa, pua karibu iguse. "Mungu akubariki," alisema, jibu la saa tano asubuhi, na Ivonete akafungua bomba zaidi kidogo kwa sababu maji yalikuwa yanapungua.